Ovataimu ya Supavaisa: Nani Alipwe?

Ukipita Kebirigo au Nyansiongo usiku wakati wa majani mengi, utaona taa za kiwanda cha chai zinawaka mpaka asubuhi. Majani yakishachumwa hayangoji mtu. Kibarua akimaliza zamu anatia sahihi, anaenda zake. Supavaisa anabaki, maana mwenzake wa zamu ijayo amechelewa, au mashine imekwama. Mwisho wa mwezi akiuliza anaambiwa: "Wewe ni wa mshahara. Ovataimu ni ya vibarua."

Je, ni kweli? Hapana, si rahisi hivyo.

Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi popote kwamba anayelipwa kwa mwezi hana ovataimu. Agizo la Jumla la Mishahara linaweka kazi ya kawaida kuwa saa 52 kwa wiki, na saa 60 kwa wa usiku. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Tena agizo lenyewe linamtaja asiyelipwa kwa saa: saa yake huhesabiwa kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Chukua mfano wa shilingi 27,000. Saa moja ni shilingi 120, ovataimu ni 180, na sikukuu 240. (Wafanyakazi wa mashamba wana agizo lao, na penye mkataba wa chama, mkataba ndio husomwa kwanza.)

Hapo kwa chama ndipo supavaisa huangukia katikati. Tangu Mkataba wa Mahusiano Kazini wa 1962, uliotiwa sahihi na serikali, waajiri na vyama, wenye mamlaka ya kuajiri na kufuta watu huhesabiwa upande wa usimamizi. Kwa hiyo chama hakimtetei, na bosi naye anasema mshahara wake umeshajumlisha kila kitu. Sasa, cheo peke yake hakitoshi. Kuna watu wameitwa supavaisa na kazi yao ni ya nyapara tu: hawaajiri, hawafuti, na saa zao wanapangiwa. Huyo ana hoja. Lakini meneja anayejipangia saa zake, na barua yake inasema malipo yamejumlisha saa za ziada, kesi yake ni ngumu.

Wengi hushindwa kwa ushahidi. Mwaka 2016, katika kesi dhidi ya General Cargo Services, Mahakama ya Ajira kule Mombasa ilieleza kwamba mwajiri hutunza rekodi, ndiyo, lakini mfanyakazi lazima aonyeshe ni saa zipi alizozidisha. Kusema tu "nilikuwa nikichelewa kila siku" hakutoshi. Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alikuagiza ubaki. Tunza pia barua ya kazi na karatasi za mshahara.

Usikae nalo sana, kwani sheria inatoa miaka 3 ya kushtaki. Anza na ofisi ya leba. Ikishindikana, si lazima upande matatu mpaka Kericho au Kisumu: tangu 2018, mahakimu wakazi waandamizi na walio juu yao waliruhusiwa kusikiza kesi za wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi. Unaweza kwenda bila wakili, daftari lako mkononi.