Mbwa Mwitu Warudi Serengeti: Hoja za Mwindaji na Mfugaji

Katika Kiswahili jina "mbwa mwitu" limebebeshwa wanyama wawili. Wa kwanza ni yule wa Ulaya na Marekani, ambaye hadithi na tafsiri za Biblia humtaja kuwa adui wa kondoo. Wa pili ni mnyama wetu wa Afrika, mwenye masikio makubwa ya mviringo, mabaka ya rangi mbalimbali, na vidole vinne tu katika kila mguu. Huyu ni wa jenasi nyingine kabisa. Hata hivyo, sifa mbaya ya mwenzake imemfuata.

Kwa miaka mingi askari wa wanyamapori katika nchi nyingi za Afrika walimpiga risasi kama mnyama mharibifu, kwa madai kwamba humaliza swala. Mwaka 1970 Jane Goodall na Hugo van Lawick walitoa kitabu juu ya mbwa mwitu, bweha na fisi. Maoni ya watu wa nchi za mbali yakaanza kubadilika. Lakini kitabu hakimrudishii mfugaji mbuzi wake.

Kufikia mwaka 1991 mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao, ingawa wataalamu walibishana sana juu ya sababu kamili. Wengine waliendelea kuishi Loliondo, ambako waligombana na wafugaji. Kuanzia mwaka 2012 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania na Shirika la Hifadhi za Taifa zilihamisha makundi kutoka Loliondo, zikayaweka kwanza katika boma upande wa magharibi wa hifadhi, kisha zikayafungulia. Magharibi ya hapo ndiko ziliko wilaya zenye uwindaji na ufugaji wa kale: Bunda, Butiama na Musoma.

Je, hofu ya mwindaji ina msingi? Mbwa mwitu ana uzito wa kilo 25 hivi, na huwinda swala pamoja na ndama wa nyumbu. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kwamba binadamu walikuwa wakiua nyumbu wapatao 40,000 kila mwaka. Basi nyama ikipungua, yafaa mitego ya waya ichunguzwe kabla ya kumshitaki mbwa mwitu.

Hofu ya mfugaji ni nzito zaidi. Mbwa mwitu huua mbuzi na kondoo, wala hajui mpaka wa hifadhi. Baadhi ya makundi yaliyofunguliwa yalihama mbali. Kumwambia mfugaji kwamba hatapata hasara ni kumdanganya. Huko Marekani, mbwa mwitu 31 kutoka Kanada walirudishwa Yellowstone mwaka 1995 na 1996. Wawindaji walihofia kupungua kwa kulungu wakubwa waitwao elki, na kweli elki walipungua. Wataalamu wangali wakijadili ni kiasi gani kilisababishwa na mbwa mwitu, dubu au bunduki.

Maoni ya watu, basi, hayageuzwi kwa sifa tupu. Hugeuzwa kwa ukweli na kwa faida inayoonekana. Faida hiyo ipo. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa nyumbani walichanjwa katika Wilaya ya Serengeti. Baada ya awamu ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Mbwa anayemfuata mwindaji porini au mchungaji malishoni ndiye awezaye kuupeleka ugonjwa huo hifadhini, na ndiye awezaye kumwuma mtoto nyumbani. Sindano moja huwalinda wote wawili.

Mwalimu aweza kuanzia hapo. Wanafunzi wahesabu mbwa wa kijiji chao na kuuliza wangapi wamechanjwa. Kisha waorodheshe mifugo iliyoliwa mwaka uliopita, na kwa kila mmoja waulize: aliyemla alionekana, au alidhaniwa tu? Orodha hiyo itawasaidia wazee wa kijiji na wataalamu wa hifadhi kuzungumza juu ya jambo moja.