Leseni ya Programu Huria: Uhuru wa Nani?

Anayeutoa msimbo wa programu yake kwa umma hapotezi hakimiliki. Leseni ndiyo inayowaambia wengine waufanyie nini. Leseni legevu, kama MIT na BSD, hazidai mengi: hifadhi jina la mwandishi, kisha tumia utakavyo, hata kama utaufungia msimbo ndani ya bidhaa yako. Leseni za kopilefti, hasa GPL, huongeza sharti: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo huo, mpokeaji naye apate msimbo na haki zilezile. Kila kambi hujigamba kwamba leseni yake ndiyo huru zaidi. Ubishi huo hauishi kwa sababu hausemi ni uhuru wa nani: wa kampuni inayochukua msimbo, au wa mtu atakayenunua kifaa chenye msimbo huo.

Kwa mfano, ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwaka 2002, ilikuwa na Linux ndani yake, na Linux ina leseni ya GPL. Wadadisi walipogundua hivyo wakashinikiza, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Humo ndimo ulimozaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huhuisha ruta zilizokwisha kutupwa mkono na watengenezaji wake. MINIX, mfumo endeshi wa Andrew Tanenbaum wenye leseni ya BSD, ilipita njia nyingine. Mwaka 2017 ilibainika kwamba Intel imeiweka ndani ya chipu zake, na Tanenbaum mwenyewe hakuwa ameambiwa. Leseni haikuilazimu Intel kumwambia, na Tanenbaum aliendelea kuitetea BSD. Lakini mwenye kompyuta hana haki ya kudai msimbo wa MINIX hiyo.

Wapo wanaosema kopilefti hufukuza makampuni. Linux yenyewe, inayochangiwa na makampuni makubwa, Intel ikiwemo, inawajibu. Hata hivyo hoja yao haikosi ukweli: mwaka 2001 maktaba za muundo wa sauti wa Vorbis zilihamishiwa leseni ya BSD, na Richard Stallman, mwasisi wa GPL, akaunga mkono, kwani shabaha ilikuwa kuieneza Vorbis badala ya MP3 iliyokuwa imefungwa na hataza. Kwa kiwango kinachotaka kuenea, ulegevu unafaa. Kwa kitakachofungiwa ndani ya kifaa, ningechagua GPL.

Pengo kubwa zaidi la GPL liko kwenye seva. Anayeuza huduma kupitia intaneti hasambazi programu, kwa hiyo sharti la GPL halimgusi. AGPL, leseni ndugu ya GPL, huliziba pengo hilo, ila anayeichagua ajue kwamba Google, kwa mfano, imeipiga marufuku ndani ya kampuni.