Gorila ameokolewa, na jirani yake je?

Leo nakualika twende kwanza msituni, kisha tufungue Biblia tukiwa huko huko.

Kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, kuna msitu wa mvua uitwao Bwindi. Humo wanaishi gorila wa milimani. Duniani kote hawa hawapatikani porini isipokuwa katika eneo hilo na katika milima ya Virunga, ambayo Uganda, Rwanda na Kongo zinapakana juu yake.

Mgeni kutoka ng'ambo akitaka kuwaona gorila wa Bwindi, analipa dola 800 za Marekani kwa kibali cha siku moja. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2017, kibali ni dola 1,500. Kwa fedha hiyo anapata saa moja tu mbele ya familia moja ya gorila, katika kundi la watalii wasiozidi 8. Jioni anarudi kwenye hoteli ya kifahari ukingoni mwa msitu, ambako kulala usiku mmoja kunaweza kugharimu mamia ya dola. Piga hesabu: watu 8, saa moja, dola 6,400.

Najua wapo watakaoguna. Lakini usiharakishe kulaumu. Mwaka 1981 gorila waliohesabiwa katika milima ya Virunga walikuwa 254 tu. Sensa ya 2015 na 2016 ilikuta 604 katika milima hiyo hiyo, na ukijumlisha na wale wa Bwindi sasa wamepita 1,000. Bei imepandishwa kwa makusudi: wageni wachache, fedha nyingi, usumbufu mdogo kwa mnyama. Fedha hiyo husaidia kuwalipa askari wanaozunguka msituni wakitegua mitego ya nyaya. Katika hifadhi ya Virunga, upande wa Kongo, zaidi ya askari 200 wamekufa kazini katika miongo iliyopita. Hao walitoa uhai wao kwa ajili ya viumbe wasioweza kujitetea.

Je, Mungu anajali mambo haya? Fungua Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, asimchukue ndege mama pamoja na makinda yake. Mama aachwe aende. Ni amri ya kuhifadhi, iliyotolewa zamani sana kabla ya hifadhi za taifa. Sasa linganisha ahadi iliyoambatana nayo, yaani kufanikiwa na kuishi siku nyingi, na ile ya Kumbukumbu 5:16, ya kuwaheshimu baba na mama. Ni ile ile. Mungu ameweka heshima ya mzazi na huruma kwa ndege chini ya baraka moja. Kwa hiyo Mkristo anayesema wanyama si habari ya kanisani, hajaisoma Biblia yake vizuri.

Lakini hadithi haijaisha.

Kabla ya watalii, msituni humo walikuwamo watu. Wabatwa waliishi Bwindi vizazi na vizazi, wakiwinda, wakichuma asali, wakitibiwa kwa mizizi na majani ya msitu na kumwomba Mungu chini ya miti ile. Mwaka 1991 msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa, walitakiwa kuwa nje. Wengi hawakupewa ardhi wala fidia ya maana. Waligeuka kuwa watu wa kukaa kwenye mashamba ya wengine, wakilima vibarua ili wapate chakula cha siku. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikiri kwamba waliondolewa bila kufidiwa inavyostahili.

Ukisikia hayo, lazima ukumbuke shamba la mizabibu la Nabothi, katika 1 Wafalme 21. Sisemi waliolinda msitu ni Ahabu. Ahabu alitaka bustani ya mboga kwa ajili yake mwenyewe. Hawa walitaka kuokoa uumbaji wa Mungu. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kuliko la Nabothi. Huyu amefanya jema, na katika kulifanya amemkanyaga jirani. Je, wema wa kazi unafuta kilio cha jirani? Eliya angejibu nini?

Sikiliza pia habari hii. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi waliugua upele, manyoya yakawatoka, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Daktari wa wanyama aliyewatibu, Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, alifuatilia chanzo akajikuta vijijini. Ugonjwa ulitoka kwa watu maskini wanaopakana na msitu, ambao hawakuwa na huduma za afya. Gorila hutoka kwenda kwenye mashamba na kukutana na nguo chakavu za wanadamu. Mwaka 2003 daktari huyo alishiriki kuanzisha shirika linalotunza afya ya wanyama na ya watu kwa pamoja, kwa sababu alijifunza kwamba huwezi kumponya gorila ukamwacha jirani yake anajikuna.

Sasa rudi kwenye Kumbukumbu la Torati, 25:4. Mungu anakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Anayefanya kazi ale katika kazi ile. Paulo aliitumia amri hiyo kutetea haki ya watumishi. Anayekesha akifukuza wanyama wasile mahindi yake, na asubuhi anaambiwa asimguse mnyama yule kwa sababu ni mali ya taifa, huyo naye anapura. Sheria ya Uganda inarudisha kwa jamii jirani asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi, na Rwanda imetenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake. Ni mwanzo mzuri. Lakini katika kibali cha gorila cha Bwindi, fungu lililotengwa kwa jirani limekuwa dola 10. Kinywa kimefunguliwa, lakini ni kidogo tu.

Na kanisa je? Hapa nina habari ya kututia moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari mmoja Mkristo kutoka Marekani na mkewe walifika Bwindi, wakaanza kuwatibu Wabatwa chini ya mti. Leo pale pana hospitali ya Kanisa la Anglikana la Uganda, inayohudumia Wabatwa na majirani zao wote. Hawakusubiri mahakama. Walianza na mti waliokuwa nao.

Mpendwa, pengine hutafika Bwindi maisha yako yote. Lakini unayo Bwindi yako. Huenda ni kanisa zuri mnalojenga huku mlinzi wake hajalipwa miezi mitatu. Huenda ni nyumba safi, na binti anayeisafisha anakula makombo. Huenda ni mradi wa maendeleo ambao wewe unaupigia makofi kwa sababu si shamba lako lililochukuliwa. Kazi ni njema, nakubali. Wiki hii muulize yule anayeibeba: je, nawe umekula?

Tuombe. Baba, asante kwa misitu na vyote uliyoviumba ndani yake. Tusamehe tulipolinda kilicho kizuri na kumsahau aliye karibu nacho. Tupe macho ya kumwona jirani, na mikono ya kumrudishia kilicho chake. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Jumapili njema.