911: Ramani inamtafuta anayeomba msaada

Kwa nini anayepiga 911 huko Marekani huulizwa kwanza, "Uko wapi?" Namba hiyo ilianza mwaka 1968 katika mji wa Haleyville, Alabama. Leo anayepokea simu ana programu ya ramani kwenye kompyuta yake. Simu ya waya ya nyumbani imeandikishwa pamoja na anwani yake. Programu hutafuta barabara, kisha huikadiria nyumba: kama kipande cha barabara kina namba 100 hadi 198, nyumba namba 150 itawekwa karibu na katikati.

Simu ya mkononi haina anwani. Setilaiti na minara hukadiria tu mahali ilipo. Yaweza kuonekana jengo, lakini mlango usijulikane.

Familia nyingi zilizotoka Kongo zinaishi huko katika majengo yenye milango mingi. Mtoto akishindwa kupumua usiku, dakika zinazopotea kwenye ngazi hazirudi. Basi wafundisheni wote nyumbani, hata watoto, kutaja namba ya nyumba, barabara, mlango na mji. Tena iandikeni anwani hiyo, muibandike ukutani karibu na mlango.