Titi Likivimba, Kisu Kisubiri

Chukua mama wa miaka 24, mtoto wake ana miezi mitatu. Titi la kulia limeanza kuvimba, na baada ya wiki mbili la kushoto likafuata. Yamekuwa mazito na magumu, ngozi imevutika hadi inang'aa. Homa hana, usaha hautoki. Zahanati imempa dawa za jipu, amemaliza dozi, kapewa nyingine. Nyumbani wanamkanda kwa maji ya moto wakisema maziwa yameganda.

Jipu lisilo na homa wala usaha, lisilosikia dawa, lilipaswa kutiliwa shaka tangu dozi ya kwanza iliposhindwa. Limfoma ya Burkitt hujitokeza hivi kwa baadhi ya wajawazito na wanaonyonyesha. Wengi wetu tunaijua kama uvimbe wa taya za watoto, ule ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuandikia mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Matiti ya mama kijana hatuyakumbuki.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Haianzi kwenye mifereji ya maziwa kama saratani ya matiti iliyozoeleka. Kuanzia kwenye titi ni nadra mno: katika saratani 100 za matiti haifiki hata 1. Wagonjwa wengi ni wanawake wa makamo au wazee, na kwao huwa ni aina nyingine, ya seli kubwa. Lakini kijana mwenye mimba au anayenyonyesha, akivimba matiti yote mawili kwa kasi, Burkitt iwe miongoni mwa magonjwa ya kwanza kufikiriwa.

Jina la ugonjwa ndilo linaloamua tiba. Limfoma haitibiwi kwa kuondoa titi. Mama atapoteza titi bure, na wakati kidonda kinasubiriwa kupona, ugonjwa unakimbia: seli za Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48.

Ultrasaundi huonyesha uvimbe tu, haiutaji jina. Kinachohitajika ni kipande cha nyama. Titi linatiwa ganzi, sindano nene inakata vipande vyembamba kama tambi, vinatumbukizwa kwenye formalini. Chini ya hadubini utaona seli za buluu zimebanana kila mahali, na katikati yake madoa meupe ya seli zinazomeza maiti za wenzao. Sisi wa maabara tunaita anga lenye nyota. Kisha tunapaka rangi maalumu kuthibitisha ukoo wa seli hizo na kasi ya kugawanyika kwake. Nawasihi madaktari wenzangu: msimpe mgonjwa prednisoloni kabla ya kipande hicho kuchukuliwa. Uvimbe hunywea kwa muda, nasi tunaletewa seli zilizokufa zisizosema kitu.

Jibu likitoka, hupimwa VVU, uboho na maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye ubongo. Tiba ni dawa kadhaa za saratani kwa pamoja, nyingine zikichomwa kwenye uti wa mgongo, na rituximabu inapopatikana. Siku za mwanzo ndizo za hatari. Seli hufa kwa mkupuo, zinamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, na figo zinaweza kugoma. Ndiyo maana mama hulazwa, akawekewa dripu na kupewa alopurinoli, damu ikipimwa mara kwa mara. Kunyonyesha kunasimama, maana dawa hupita kwenye maziwa. Mume na bibi wa mtoto waelezwe mapema, mtoto apangiwe chakula. Suala la kuzaa tena nalo lizungumzwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa za saratani.

Dawa zikikubali, titi lililokuwa gumu huweza kulainika ndani ya siku chache. Hapo ndipo wengine huaga wodi na wasirudi, wakiamini wamepona, ilhali seli zilizobaki bado zinagawanyika na mizunguko mingi ya dawa haijaguswa.