Mapenzi yaliyopita: kwa nini hukumu humwangukia mwanamke peke yake?

Mwanamume akialikwa redioni na kuulizwa kuhusu wanawake aliowahi kupendana nao, studio huchangamka. Akitaja watatu au wanne, mtangazaji anacheka na kumwita kidume. Akikiri kwamba aliwatesa, wasikilizaji wanamsifu kwa ukweli wake na kusema sasa amekomaa.

Swali hilohilo akiulizwa mwanamke, upepo unageuka. Akitaja mmoja, ataulizwa alikosea wapi hadi akaachwa. Akitaja wawili, itasemwa amechezewa vya kutosha. Akitaja watatu, maneno yatakayomfuata kwenye simu za watu hayaandikiki gazetini. Akikataa kujibu, ana kiburi. Akieleza kwa machozi, anatafuta kiki.

Haya hayawapati wanaohojiwa redioni tu. Familia nyingi zikiletewa barua ya posa, huuliza kijana anafanya kazi gani na ana kipato gani. Upande wa pili, binti huchunguzwa nyendo zake mtaa kwa mtaa: alikuwa na nani, waliachana lini, nani alimwona wapi. Mtalaka wa kike akieleza kwa nini ndoa yake ilivunjika huambiwa anatoa siri za ndani na kwamba hakufundwa. Mtalaka wa kiume akieleza, wazee humpa pole na kumtafutia mwingine.

Jambo lililotendwa na watu wawili haliwezi kuwa uzoefu kwa mmoja na aibu kwa mwenzake. Tukilikubali hilo katika mapenzi, tutakuwa tumekubali kwamba neno la mwanamke kuhusu maisha yake mwenyewe ni ushahidi wa kumtia hatiani, ilhali neno la mwanamume ni simulizi.

Mfano ulio wazi ni wa wanamuziki wawili wa Marekani, Britney Spears na Justin Timberlake. Walikuwa wapenzi, wakaachana mwaka 2002. Mwaka huohuo Timberlake akatoa wimbo "Cry Me a River", na kwenye video yake akatokea mwanamke aliyefanana na Spears, katika kisa cha mwanamume aliyesalitiwa. Alihojiwa redioni kuhusu maisha yao ya faragha na akajibu. Wimbo ukapata tuzo, na yeye akapanda chati. Mwaka 2003 Spears alipoketi kuhojiwa na Diane Sawyer wa televisheni ya ABC, aliulizwa alifanya nini hata akamuumiza mwenzake kiasi kile. Alikuwa na umri wa miaka 21, na katika mahojiano hayo alilia.

Penzi lilikuwa moja na watu walikuwa wawili, lakini aliyetakiwa kujieleza ni mmoja. Ilichukua miaka mingi mambo kugeuka. Februari 2021, baada ya filamu ya habari kuonyesha namna Spears alivyotendewa na vyombo vya habari, Timberlake alimwomba radhi hadharani, akikiri kwamba alinufaika na mfumo unaowadharau wanawake. Spears mwenyewe aliandika upande wake katika kitabu chake cha mwaka 2023. Hiyo ilikuwa miongo miwili baada ya mwenzake kumaliza kuusimulia upande wake na kulipwa kwa hilo.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wamarekani. Hapana. Kwetu Afrika Mashariki, mizani hii miwili iliwahi kuandikwa katika sheria na kugongwa muhuri wa serikali. Mwaka 1857 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya talaka iliyomruhusu mume kumwacha mke kwa kuthibitisha uzinzi tu. Mke hakuruhusiwa hivyo. Ilimbidi athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Msimamo huo ukaletwa Uganda na kuwekwa katika Sheria ya Talaka ya mwaka 1904. Waingereza walijirekebisha kwao mwaka 1923. Uganda ilibaki nao hadi mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilipoutengua katika shauri lililofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake, FIDA.

Kulikuwa na jingine. Katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda, mke wa mtu aliyelala na mwanamume yeyote alikuwa mhalifu. Mume wa mtu aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa na kosa lolote la jinai. Wanaharakati walikwenda tena mahakamani, na mwaka 2007 kifungu hicho nacho kikabatilishwa.

Mahakama za kikoloni zilifanya vilevile katika ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia katika Afrika Mashariki, ilimruhusu mshtakiwa wa ubakaji kuonyesha kwamba mwanamke aliyemshtaki kwa jumla hana maadili mema. Mwanamke akija kusema ametendewa unyama, mapenzi yake ya zamani yangeweza kuwekwa mezani. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ilizuia maisha ya nyuma ya mlalamikaji kutumiwa hivyo bila idhini ya mahakama. Sheria imeanza kuelewa. Tunaoisikiliza redio ndani ya daladala bado tunahukumu kwa kanuni ya mwaka 1872.

Wengine hutetea hukumu hiyo kwa dini. Nawaheshimu, na ninawaomba warudi kwenye dini zenyewe. Bi Khadija alikuwa amekwisha kuolewa kabla ya kuolewa na Mtume Muhammad (S.A.W.), na wake wa Mtume, isipokuwa Bi Aisha, walikuwa wajane au watalaka. Ndoa zao za awali zilijulikana na kila mtu na hazikuwapunguzia heshima. Waislamu tunawaita mama wa waumini. Katika Surat An-Nur, anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne ana adhabu ya viboko themanini. Hukumu hiyo humwangukia mwenye ulimi. Katika Injili ya Yohana, Yesu alimtajia mwanamke Msamaria waume wake watano, kisha huyohuyo akaenda mjini kutoa habari zake, na wengi wakaamini kwa neno lake. Historia yake ya ndoa haikulifanya neno lake kuwa la uongo.

Mwambao wetu una ushahidi mwingine, nao unauma. Miaka ya 1920 mwimbaji Siti binti Saad alifanya taarabu kuwa sauti ya watu wa kawaida wa Unguja. Wimbo wake "Kijiti" unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa: mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao. Siti aliimba kwa sababu mahakama ilikataa kusikia. Vizazi vilivyomfuata navyo vilitafuta njia: jina la kanga lililochaguliwa makusudi ili fulani alisome, mipasho ya taarabu ambayo ukumbi mzima unajua inamlenga nani. Tunausifu ufundi wa mafumbo hayo, na tunastahili kuusifu. Lakini mwanamke alilazimika kulifunga neno lake ndani ya fumbo kwa kuwa akilisema waziwazi lingemgharimu ndoa, jina na hata riziki.

Gharama hiyo bado ipo, na inapita mipaka ya udaku. Mwanamke anayeogopa kutaja kwamba aliwahi kuwa na fulani hawezi pia kusema kwamba fulani alimpiga. Hawezi kumwonya binti mwingine anayeingia nyumba ileile. Akithubutu, swali la kwanza ni "mbona ulikaa miaka yote hiyo?", na la pili ni "ulikuwa na wangapi kabla yake?" Mpigaji haulizwi lolote, bali anahamia kwa mwingine akiwa na sifa safi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunawalazimisha wanawake kuficha majeraha kisha tunashangaa hayaponi.

Najua hoja ya stara, na ninaikubali. Si kila lililotokea chumbani linafaa kwenda sokoni, na mtu aliyependana nawe ana haki ya kutosingiziwa. Lakini stara ni wajibu wa wote wawili. Kama kutaja wapenzi wa zamani ni utovu wa adabu, basi kidume anayewahesabu kwenye maikrofoni ana utovu huohuo, na anastahili kukatizwa. Sheria ya kashfa nayo iko wazi kwa wote: aliyechafuliwa kwa uongo, awe mwanamume au mwanamke, aende mahakamani.

Waandishi na watangazaji wenzangu, kazi inaanzia kwetu. Kabla ya kumuuliza mwanamke kuhusu waliomwacha, tujiulize kama swali hilo tungemuuliza mwanamume, kwa maneno hayohayo na kwa sauti hiyohiyo. Kama tusingemuuliza, tulifute. Tukiwa tumemwalika kwa ajili ya kazi yake, tumuulize kazi yake. Akitaka mwenyewe kusimulia, tumwache amalize, na kichwa cha habari kiandikwe kwa alilolisema.

Wazazi na washenga nao wana lao. Mkichunguza nyendo za binti, chunguzeni za kijana kwa kipimo hichohicho: watoto aliowaacha bila matunzo, wanawake aliowapiga. Hayo yana uzito zaidi katika ndoa kuliko idadi ya watu ambao msichana aliwahi kuwapenda.

Na wanaume, wakati wetu wa kusema ni pale mwenzetu anapomtukana mwanamke kwa kosa la kueleza maisha yake. Hapo hatutakiwi kucheka wala kunyamaza. Tumuulize mbele ya watu: na yule aliyekuwa naye katika mapenzi hayo, mbona hatujakusikia ukimhukumu?