Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa: Riwaya ya Upelelezi mbele ya Msomaji wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kwa ufupi maisha na kazi za Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja aliyeiweka riwaya ya upelelezi katika fasihi ya Kiswahili. Pili, yanauliza riwaya hizo zinamwambia nini msomaji wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambaye lugha yake ya kwanza ni Ekegusii, ambaye pengine hajauona mkarafuu kwa macho yake, lakini anayejua vyema jinsi kifo cha ghafla kinavyoweza kutafutiwa mwenyewe kabla kaburi halijafukiwa.

Wahakiki wengi wamezoea kuiweka riwaya ya upelelezi katika fungu la fasihi pendwa, yaani fasihi ya kupitishia wakati, na kuyaacha mambo mazito kwa tanzu nyingine. Hoja yetu ni kwamba uainishaji huo, hata ukiwa na haki kwa baadhi ya vitabu, haumtendei haki Abdulla. Na kwamba ni katika sehemu kama Kisii ndipo uzito wa kazi yake unapoonekana wazi zaidi.

Maisha ya mwandishi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo yake mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka kumi hivi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa magazeti, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akadumu nalo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Inafaa tuzingatie kazi hizi mbili, ukaguzi na uhariri, maana zote zina athari katika maandishi yake. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, hutazama kisima, choo na jiko, na hatosheki na neno la mwenye nyumba mpaka ameona mwenyewe. Mhariri naye hupima maneno ya watu: nani kasema, kasikia wapi, na kwa nini anasema leo. Mtu aliyefanya kazi hizo kwa miaka thelathini hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta tabia za mpelelezi.

Jambo kama hili si geni katika historia ya utanzu. Agatha Christie wa Uingereza (1890–1976), ambaye huenda ndiye mwandishi wa upelelezi aliyesomwa na watu wengi kuliko wote, alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ujuzi wake wa sumu ulitokana na hapo. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1920, kilikuwa juu ya kifo cha sumu.

Kazi zake

Riwaya ya kwanza ya Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Ilifuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Ili kuupima upya wa riwaya ya 1960 hatuna budi kukumbuka hali iliyokuwapo. Msomaji wa Kiswahili wa wakati huo alikuwa na tafsiri za hadithi za Kizungu, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani iliyotolewa mwaka 1929. Alikuwa na Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela (1934). Tena alikuwa na maandishi ya Shaaban Robert, ambamo wema na uovu hupambana waziwazi na msomaji huongozwa kwa mkono mpaka kwenye funzo. Abdulla alileta masimulizi ambamo funzo limefichwa, na msomaji anapewa dalili zilezile alizopewa mpelelezi, kisha anaachiwa azipange mwenyewe.

Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizi, ana ukoo wa kifasihi unaojulikana. Kiko chake, utulivu wake, na rafiki yake Najum ambaye huona yote asielewe, vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle, waliotokea mara ya kwanza mwaka 1887. Wahakiki wameutaja ufanani huu mara nyingi. Hata hivyo, kuazima kiko si kuazima dunia. Bwana Msa anaishi katika Unguja ya mashamba na barazani. Anatafuta ukweli kwa mazungumzo, utani na subira. Na mafumbo anayofumbua, hasa katika riwaya za baadaye, yanahusu nasaba, ndoa na urithi, mambo ambayo katika jamii ya visiwani ndiyo hasa yafichwayo.

Upelelezi mbele ya mzimu

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali, inakutwa penye mzimu unaoogopwa na watu wa mahali pale. Palipo na mzimu pana jibu tayari: waliopita wamekasirika, na mwanadamu hana la kuuliza. Hapa ndipo ustadi wa mwandishi ulipo. Bwana Msa hasimami kuwahutubia watu kwamba mizimu haipo. Anauliza maswali madogo tu: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani alikuwa wapi, nani anafaidika na kifo chake. Kila swali linapojibiwa, nafasi ya mzimu inapungua na nafasi ya mtu inaongezeka, hadi mwishowe panabaki mtu mwenye jina, mwenye mikono na mwenye sababu.

Kichwa cha riwaya ya pili kinatupeleka mahali pale pale. Giningi, katika imani za Unguja, ni makao ya wachawi. Kwa mara nyingine mwandishi anachagua jina linalotisha, kisha anamwingiza ndani yake mtu asiyetishika kwa majina.

Maneno na tafsiri

Mwalimu anayesomesha riwaya hizi Kisii au Nyamira atakutana kwanza na tatizo la maneno. Katika Kiswahili cha Unguja, mzimu ni mahali: pango, mti mkubwa au gofu, ambapo watu hupeleka sadaka na kuweka nadhiri. Mwanafunzi wa Ekegusii hulielekeza neno hilo moja kwa moja kwa ebirecha, yaani roho za waliokufa, ambazo ni nafsi wala si mahali. Asiposahihishwa mapema, hawezi kuelewa jinsi maiti inavyoweza kukutwa “mzimuni”, na kwa hiyo msingi wote wa hadithi unampotea.

Kwa upande mwingine, neno la uchawi halimpi taabu. Mchawi kwa Ekegusii ni omorogi, wengi wao abarogi. Kiswahili nacho kina kitenzi roga au loga, na jina mlozi. Maneno haya ni ya mzizi mmoja wa Kibantu, nao ni mzizi wa kale sana. Tunaweza kusema kwamba msomaji wa Nyamira na msomaji wa Makunduchi walirithi hofu hii pamoja na sarufi, kabla ndugu hawajaachana njia.

Tofauti nyingine ni ya watu wa kazi. Katika jamii ya Abagusii alikuwapo omoragori, mpiga ramli aliyeulizwa chanzo cha maradhi na misiba. Alikuwapo pia omoriori, aliyeitwa kufukua vitu vya uchawi vilivyodaiwa kufichwa nyumbani. Maisha ya kijiji cha Kisii cha miaka ya 1950 yaliandikwa kwa kirefu na Robert LeVine na Barbara LeVine, katika kitabu kuhusu Nyansongo kilichotoka mwaka 1966. Ukitazama kwa makini, omoriori naye ni mpelelezi wa namna yake: anaitwa baada ya msiba, anazunguka boma, anatoa kitu mbele ya mashahidi. Basi swali ambalo mwanafunzi huweza kulificha moyoni ni hili: Bwana Msa amemzidi nini?

Jibu tunalipata katika muundo wenyewe wa riwaya. Omoriori anatoa kitu ambacho hakuna awezaye kukipinga, maana ujuzi wake ni siri yake. Bwana Msa, katika sura ya mwisho, analazimika kueleza hatua kwa hatua alivyofikia uamuzi wake, na msomaji ana haki ya kurudi nyuma kurasa mia moja ahakikishe. Ushahidi wa mmoja hukubaliwa kwa heshima ya mtoaji; wa mwingine hukubaliwa kwa sababu unaweza kukaguliwa. Mwanafunzi akilielewa hili, ameelewa riwaya ya upelelezi.

Uzito wa suala

Haya si mazungumzo ya darasani tu. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wakiwa wazee, waliuawa kwa moto Kisii kwa kutuhumiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma hiyohiyo. Hayo ni matukio mawili yaliyojulikana nchi nzima. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, ilifanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi liwe kosa, isipokuwa tuhuma hiyo ikipelekwa mbele ya mwenye mamlaka. Lakini sheria haisomwi usiku wa manane mbele ya umati wenye mienge.

Mara nyingi imesemwa, na wakazi wenyewe wakiwamo wasemaji, kwamba nyuma ya tuhuma za namna hii huwapo ugomvi wa shamba au wa urithi, na kwamba mjane mzee asiye na mtetezi ndiye atuhumiwaye kwa wepesi. Nyanda hizi zina watu wengi na mashamba madogo. Likiulizwa hapa swali la Bwana Msa, “nani anafaidika?”, laweza kuleta majibu ambayo umati haukutaka kuyasikia.

Mipaka ya hoja

Lazima tujihadhari tusimtwike mwandishi mzigo asioubeba. Abdulla hakuandika vitabu vya kupiga vita imani. Unguja yake ni ya watu wenye nafasi, na mageuzi makubwa ya mwaka 1964 hayakuitikisa sana dunia ya Bwana Msa. Wahakiki waliomlaumu kwa hilo hawakukosea. Tena, Bwana Msa ni mtu mmoja mwenye akili nyingi kuliko wenzake, na jamii haiokolewi kwa kumngojea mtu mmoja. Waliomfuata Abdulla, kama Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) na Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974), waliipeleka riwaya mjini, kwenye simu, bastola na ujasusi, wakaiacha mizimu nyuma. Kwa hiyo swali lililoanzishwa mwaka 1960 lilibaki bila mrithi wa kutosha.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Muhammed Said Abdulla aliazima umbo la riwaya ya Kiingereza akalitia kazi ambayo huko lilikotoka halikuitwa kuifanya kwa kiasi hicho: kusimama kati ya kifo na maelezo yaliyo tayari. Mpelelezi wa Kiingereza hushindana na hila za muuaji. Bwana Msa hushindana na hila hizo pamoja na woga wa kijiji kizima, ambao muuaji ameufanya pazia lake.

Kwa walimu wa fasihi walioko Kisii na Nyamira tunapendekeza kwamba Mzimu wa Watu wa Kale isomwe darasani polepole, na kitabu kifungwe kabla ya sura ya mwisho. Wanafunzi watakiwe kuandika ni nani wanayemshuku na kwa dalili ipi, kisha kila mmoja aitetee tuhuma yake mbele ya wenzake. Wengi wataona kwamba wamemshuku mtu asiye na hatia, na kwamba walikuwa na hakika kabisa. Ni vizuri kosa hilo litendeke darasani, juu ya karatasi, ambako aliyetuhumiwa anaweza kuachiliwa kwa kufungua ukurasa unaofuata.